Barbosa: Kipa Aliyetwikwa Kilio cha Taifa Zima

Katika mchezo wa kandanda hakuna anayehukumiwa upesi kama mlinda lango. Mshambulizi akipiga nje mara tisa na kufunga mara ya kumi, huimbwa na kubebwa mabegani. Kipa akiokoa mara tisa na kufungwa mara ya kumi, hiyo ya kumi ndiyo itakayosimuliwa. Nimeyaona haya mara nyingi katika viwanja vya shule: timu ikishindwa, macho yote huelekea langoni, ilhali mpira uliotikisa nyavu ulikwisha kuwapita wachezaji wengine kumi kabla ya kumfikia yule mmoja. Ndiyo sababu leo nimeamua kuandika juu ya Moacir Barbosa Nascimento, mlinda lango wa Brazil. Kwa maoni yangu hakuna mwanamichezo aliyeadhibiwa kwa muda mrefu kuliko yeye, na aliadhibiwa kwa kosa ambalo, kila nikilichunguza, sioni kuwa lilikuwa kosa.

Barbosa alizaliwa tarehe 27 Machi 1921 katika mji wa Campinas, jimbo la São Paulo. Ili tumwelewe, sharti kwanza tuielewe nchi aliyozaliwa. Brazil ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika bara zima la Amerika, kaskazini na kusini, kukomesha utumwa. Iliukomesha mwaka 1888, yaani miaka 33 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Wazee waliokuwa wamezaliwa utumwani walikuwa wangali hai wakati Barbosa anajifunza kutembea. Kandanda yenyewe iliingia nchini humo mwishoni mwa karne ya 19 ikiwa mchezo wa vijana wa matajiri, baadhi yao wakiwa wamerudi kutoka masomoni Ulaya, na klabu kubwa za Rio de Janeiro zilikuwa za wazungu. Mtu mweusi alikuwa na ruhusa ya kutazama kutoka nje ya ua.

Klabu iliyoubomoa ua huo ni Vasco da Gama. Wasomaji wa pwani watalitambua jina hilo mara moja: ni la yule baharia Mreno aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na ambaye nguzo yake ingali imesimama Malindi hadi leo. Wareno waliohamia Rio waliianzisha klabu hiyo mwaka 1898, miaka mia nne baada ya safari hiyo, mwanzoni kwa ajili ya mashindano ya kupiga makasia. Mwaka 1923 Vasco ilitwaa ubingwa wa kandanda wa Rio ikiwa na wachezaji weusi, machotara na wazungu maskini, watu wa kazi za mikono. Klabu kubwa hazikulivumilia jambo hilo. Mwaka uliofuata ziliunda ligi yao na kuitaka Vasco iwaondoe wachezaji 12 waliodaiwa kuwa hawafai. Vasco ikakataa katakata, kwa barua ya tarehe 7 Aprili 1924. Namwomba msomaji aikumbuke tarehe hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Barbosa hakuanza mchezo akiwa langoni. Alikuwa winga kabla ya kurudi nyuma kushika mipira kwa mikono. Alijulikana kwanza katika klabu ya Ypiranga ya mjini São Paulo, na mwaka 1945 akahamia Vasco. Huko ndiko nyota yake ilikong'aa. Vasco ilikuwa bingwa wa Rio mwaka 1945, ikawa tena 1947, 1949, 1950 na 1952, na mashabiki wakaipa timu hiyo jina la garimoshi la ushindi. Nyuma ya garimoshi hilo alisimama Barbosa, mikono mitupu. Hakupenda kuvaa glavu, kwa kuwa alitaka kuuhisi mpira kwa ngozi yake mwenyewe, na gharama ya mapenzi hayo ilikuwa vidole vilivyovunjika mara kadhaa na kupona vikiwa vimepinda. Alikuwa mwepesi, mtulivu, na mwenye jicho la kujua mpira unakokwenda kabla haujapigwa. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyomjenga, na ndiyo iliyokuja kutumiwa kumbomoa.

Mwaka 1948 klabu bingwa za Amerika ya Kusini zilikutana Santiago, mji mkuu wa Chile. Katika mechi iliyoamua kombe, Vasco ilikabiliana na River Plate ya Argentina, timu iliyokuwa na kijana aliyeitwa Alfredo Di Stéfano. Ángel Labruna, mmoja wa wafungaji hodari kabisa wa Argentina, alipiga mkwaju wa penalti, Barbosa akauokoa. Mechi ikaisha sare ya 0-0 na Vasco ikarudi nyumbani na kombe. Mwaka uliofuata Brazil iliandaa mashindano ya mataifa ya Amerika ya Kusini na kuyashinda, ikiicharaza Paraguay 7-0 katika mechi ya mwisho. Langoni alikuwa Barbosa. Kufikia mwanzoni mwa 1950 watu wengi waliojua mchezo walimhesabu kuwa kipa bora wa bara lake, na wengine walivuka mipaka ya bara hilo.

Kombe la Dunia la 1950 lilikuwa la kwanza baada ya Vita Vikuu vya Pili, na Brazil ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Serikali ilijenga uwanja wa Maracanã mjini Rio, uwanja mkubwa kuliko wote duniani wakati huo, uliofunguliwa Juni mwaka huo huo, siku chache tu kabla ya mashindano kuanza. Brazil ilitaka ulimwengu uione kuwa taifa jipya, tajiri na lenye umoja, na kandanda ndiyo iliyopewa kazi ya kuthibitisha hayo. Hapo ndipo matatizo huanza. Taifa likiwapa vijana kumi na mmoja kazi ya kuthibitisha utu wake, basi siku vijana hao watakaposhindwa hawatasamehewa kama watu walioshindwa mchezo.

Michuano ile haikuwa na fainali kama tuijuavyo leo. Timu nne zilizoongoza makundi yao zilicheza kila moja dhidi ya nyingine, na ushindi uliipa timu alama 2. Brazil iliifunga Uswidi 7-1, kisha ikaifunga Uhispania 6-1. Uruguay ilitoka sare ya 2-2 na Uhispania, ikaiwahi Uswidi 3-2 kwa shida. Kwa hiyo tarehe 16 Julai Brazil iliingia Maracanã ikiwa na alama 4 na Uruguay alama 3. Sare ingeitosha Brazil. Asubuhi ya siku hiyo gazeti moja la Rio lilichapisha picha ya timu ya Brazil na kuitangaza bingwa wa dunia. Kabla ya kipenga, meya wa jiji aliwahutubia wachezaji akiwapongeza kama washindi. Tikiti zilizouzwa zilikuwa 173,850, na inakadiriwa kwamba watu waliokuwamo uwanjani walikaribia 200,000.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Dakika ya 47 Friaça aliifungia Brazil, na uwanja ukarindima. Nahodha wa Uruguay, Obdulio Varela, aliuchukua mpira wavuni, akaukumbatia, akaenda taratibu kuzozana na waamuzi hadi kelele zilipopoa. Kisha mchezo ukabadilika. Winga wa kulia wa Uruguay, Alcides Ghiggia, alianza kumsumbua beki wa kushoto wa Brazil, Bigode. Dakika ya 66 alimpita, akafika karibu na mstari wa goli, akaumimina mpira katikati, na Juan Schiaffino akausukuma wavuni. Sare ya 1-1. Brazil ilikuwa ingali bingwa kwa hesabu za alama, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia.

Dakika ya 79 Ghiggia alipewa mpira tena upande ule ule. Akampita Bigode tena. Juvenal, beki wa kati, hakuwahi kuliziba pengo. Barbosa aliyaona yote hayo, na pia aliwaona washambulizi wa Uruguay wakikimbilia katikati, kama dakika kumi na tatu zilizotangulia. Akapiga hatua moja kutoka kwenye mlingoti wa karibu ili aukate mpira ambao kila mtu uwanjani alidhani utaletwa katikati. Ghiggia akaiona nafasi hiyo ndogo kati ya kipa na mlingoti, akapiga chini kuelekea hapo. Barbosa aligeuka, akajirusha kushoto, na alipokuwa chini aliamini kwamba ameugusa mpira na kuutoa nje. Ni kimya cha uwanja kilichomwambia vingine. Alipotazama nyuma, mpira ulikuwa wavuni. Uruguay ikashinda 2-1 na kuwa bingwa wa dunia.

Hebu sasa tulitazame jambo hili kwa akili tulivu, kama tunavyowafunza wanafunzi kuchunguza hoja. Kipa aliyesimama mahali alipokuwa Barbosa ana mambo mawili ya kuchagua, na muda wa kuchagua haufiki sekunde moja. Anaweza kubaki akiukumbatia mlingoti, aliache eneo la katikati wazi kwa mshambulizi asiye na mtu wa kumkaba. Au anaweza kujiandaa kuukata mpira wa katikati na kuacha upenyo mwembamba upande wa karibu, ambao winga anayekimbia kwa kasi kutoka pembeni hupata taabu kuupenya. Bao la kwanza lilikuwa limekuja kwa njia ya katikati. Barbosa alijifunza kutokana na bao hilo na akachagua njia iliyokuwa na hatari ndogo. Naam, makocha wengi husisitiza kwamba kipa hafungwi upande wa karibu, na kanuni hiyo ina maana yake. Lakini kanuni haielezi nini kifanyike beki wawili wanapokuwa wamekwisha kupitwa na hakuna anayemzuia mpigaji. Ghiggia alifanya jambo la kijasiri ambalo winga wengine wasingethubutu. Heshima ni yake. Kwa nini sifa ya mmoja igeuzwe kuwa dhambi ya mwingine?

Ziko hoja nyingine ambazo hazikuulizwa kwa sauti kubwa. Kwa nini timu iliyohitaji sare tu iliendelea kushambulia bila kujilinda baada ya kupata bao? Kwa nini Bigode aliachwa peke yake na winga yule yule kwa dakika nyingi? Washambulizi waliofunga mabao 13 katika mechi mbili walikuwa wapi? Maswali hayo yangemfikia kocha, Flávio Costa, na kuwafikia waliowapongeza wachezaji kabla ya mchezo. Ni kweli kwamba Costa naye alilaumiwa, lakini katikati ya miaka ya 1950 alirejeshwa kuiongoza timu ya taifa. Walioandamwa zaidi na lawama walikuwa watatu: Bigode, Juvenal na Barbosa. Wote watatu walikuwa weusi. Sitaki kudai kwamba rangi peke yake ilieleza kila kitu. Zizinho, aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora wa mashindano hayo, naye hakuwa mzungu. Hata hivyo, baada ya mechi hiyo yalizuka tena maneno ya kale, kwamba mtu mweusi hana moyo wa kuhimili jambo kubwa na kwamba hafai kukabidhiwa lango. Nchi iliyokuwa na miaka 62 tu tangu iwaache huru watumwa ilikuwa na maneno hayo tayari kabatini.

Sisi walimu tusijifanye wageni wa hukumu za namna hii. Tangu 1985 hadi 2023 mtoto wa Kenya alisoma kwa miaka minane kisha akapimwa kwa siku tatu za mtihani wa KCPE, na wako watu wazima leo ambao bado wanatajwa vijijini kwao kwa alama walizopata wakiwa na umri wa miaka kumi na minne. Barbosa alipimwa kwa sekunde moja.

Wachezaji wale wa 1950 walikuwa wamevaa jezi nyeupe. Hata jezi hiyo ilichukiwa. Mwaka 1953 gazeti la Correio da Manhã lilifanya shindano la kubuni mpya, na kijana wa miaka 19, Aldyr Garcia Schlee, akashinda kwa rangi ya njano yenye kijani ambayo dunia nzima sasa inaijua. Jezi ikapata msamaha kwa kubadilishwa rangi. Barbosa hakuwa na njia hiyo.

Ajabu ni kwamba kazi yake haikuporomoka. Mwaka huo huo wa 1950 Vasco ilikuwa bingwa wa Rio akiwa langoni. Mwaka 1953 aliitwa tena katika timu ya taifa kwa mashindano ya Amerika ya Kusini yaliyofanyika Peru, akacheza mechi moja, na hiyo ikawa ya mwisho kwake katika jezi ya Brazil. Mwaka huo pia alivunjika mguu katika mechi ya Vasco na Botafogo, na Kombe la Dunia la 1954 likampita. Baadaye alichezea Santa Cruz ya Recife na Bonsucesso ya Rio, akarudi Vasco na kuwa bingwa tena mwaka 1958, kisha akamalizia katika klabu ndogo ya Campo Grande mwaka 1962. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mtu aliyepondeka moyo kama wasemavyo waliomwita dhaifu hasimami langoni miaka 12 baada ya siku kama ile.

Alipoacha kucheza alihitaji mkate kama mtu mwingine yeyote, na kazi aliyoipata ilikuwa katika uwanja ule ule wa Maracanã, kwenye bwawa la kuogelea. Aliifanya kwa miaka zaidi ya ishirini. Kila siku aliingia kazini mahali ambapo taifa lilidai kuwa alilizika. Husimuliwa kwamba milingoti ya zamani ya lango, iliyokuwa ya mbao, ilipong'olewa, alipewa kama ukumbusho, naye akaipeleka nyumbani, akaialika jamaa na rafiki, akaitumia kama kuni za kuchomea nyama. Hadithi hiyo huenda imetiwa chumvi, lakini naipenda. Kisa kingine, ambacho yeye mwenyewe alikisimulia kwa uchungu zaidi, ni cha dukani, yapata mwaka 1970: mwanamke alimwona, akamwita mwanawe mdogo na kumwonyesha mtu aliyeiliza Brazil nzima. Mtoto yule hakuwa amezaliwa siku ya mechi. Ndivyo chuki inavyorithishwa, kidole cha mzazi kikiwa ndicho kitabu cha kwanza cha historia.

Mwaka 1993 Brazil ilikuwa ikijiandaa kwa mechi ya kufuzu dhidi ya Uruguay, papo hapo Maracanã. Barbosa, mzee wa miaka 72, alikwenda Teresópolis, ilikokuwa kambi ya timu ya taifa, awatembelee vijana na kuwatakia heri. Alikataliwa kuingia, kwa hofu kwamba angewatia nuksi. Simulizi zinatofautiana kuhusu nani hasa aliyetoa amri, nami sitamtaja mtu. Brazil ilishinda 2-0, na mwaka uliofuata ikatwaa Kombe la Dunia Marekani. Kufikia wakati huo Barbosa alikuwa na kawaida ya kusema kwamba kifungo kirefu zaidi katika sheria za nchi yake kilikuwa miaka 30, na kwamba yeye alikuwa amekwisha kukipita.

Mkewe, Clotilde, alifariki mwaka 1997. Hawakuwa na watoto. Mzee aliishi miaka yake ya mwisho Praia Grande, mji wa pwani katika jimbo la São Paulo, akisaidiwa na klabu yake ya Vasco na marafiki wachache walioandamana naye. Alifariki tarehe 7 Aprili 2000, siku ambayo ile barua ya Vasco ya kukataa kuwafukuza wachezaji weusi ilikuwa inatimiza miaka 76.

Kivuli chake kilibaki langoni. Mwaka 1966 kipa Manga alicheza mechi moja ya Kombe la Dunia, Brazil ikafungwa na Ureno 3-1, na yale maneno ya kale kuhusu makipa weusi yakasikika tena. Ni Dida, katika mashindano ya Ujerumani mwaka 2006, aliyekuwa kipa mweusi wa kwanza tangu Barbosa kuingia Kombe la Dunia akiwa chaguo la kwanza la Brazil. Miaka 56 ilikuwa imepita.

Tarehe 8 Julai 2014 Brazil, ikiwa mwenyeji tena, ilifungwa na Ujerumani 7-1 mjini Belo Horizonte. Siku zilizofuata waandishi wengi wa nchi hiyo walimkumbuka Barbosa na kusema kwamba sasa ameachiliwa huru, maana aibu mpya ilikuwa imeifunika ile ya zamani. Msamaha wa namna hiyo mimi siupokei. Haukutokana na mtu yeyote kukaa chini na kuipima haki yake. Ulitokana na kupatikana kwa mabao saba mengine ya kuhuzunikia. Alcides Ghiggia, mfungaji wa bao lile, alikuwa wa mwisho kubaki hai kati ya wachezaji 22 waliocheza siku hiyo, na kwa miaka mingi alipokewa Brazil kwa heshima kila alipozuru. Alifariki tarehe 16 Julai 2015, siku ile ile ilipotimia miaka 65 tangu mechi. Barbosa alikuwa na miaka 15 kaburini.